Vantuzi: siku ya posho, Katuba

Bamama, bapapa, wenzangu wa kazi ya mikono, jambo kwenu.

Siku ya posho (Jumamosi) saa tatu asubuhi tunakutana tena Katuba, Lubumbashi, palepale, kujifunza vantuzi, yaani kuumika kwa vikombe vinavyovuta ngozi kwa pampu. Mara ya mwisho niliona wengi wakivuta pampu mpaka ngozi inakuwa nyeusi, wakidhani weusi ndio dawa. Hapana. Ile alama ni damu iliyovuja chini ya ngozi, si sumu inayotoka, na naomba sana msimdanganye mgonjwa hivyo. Vuta kidogo, muulize anavyosikia, acha dakika 5, usipite 10. Safari hii kila mmoja ataumikwa kwanza, ndipo amuumike mwenzake. Mkono unaelewa haraka mgongo ukishaonja.

Mwenye kidonda, mwenye mishipa iliyovimba miguuni: usimwekee kikombe hapo. Anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda: usimwekee kabisa. Tumbo la mjamzito pia usiliwekee. Kuchanja ngozi ili damu itoke hatufundishi. Wazee wetu walitumia pembe na wembe, nawaheshimu, lakini damu inabeba homa ya ini na UKIMWI.

Mlete taulo, mafuta, na vikombe vilivyooshwa kwa sabuni kisha kulowekwa kwenye javeli (dawa ya maji ya kuua vijidudu). Mnaotoka zamu ya usiku, mtujulishe, tutawangoja.