Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mita 30 Kutoka Ukutani

Ndugu wanachama,

Hesabu atawasomea mweka hazina. Ada zimechelewa kama kawaida, na wanaodaiwa wanajijua. Muda wangu nitautumia kwa swali mliloniuliza mwaka jana: ile sheria ya Marekani kuhusu usalama wa majengo ya balozi zao inasema nini, na sisi manusura na jamaa wa marehemu wa 7 Agosti 1998 tumo wapi ndani yake?

Nimeipitia kifungu kwa kifungu pamoja na mwenzetu aliye wakili. Ilitiwa saini Novemba 1999, miezi 15 baada ya mabomu yaliyolipua balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam, na ilitungwa kwa ajili yetu, au tuseme kwa sababu yetu. Kama ilivyotungwa, masharti yake makubwa yalikuwa mawili. La kwanza, watumishi wote wa serikali ya Marekani katika mji wakae eneo moja lenye ulinzi. La pili, jengo jipya lisimame angalau futi 100, yaani mita 30 hivi, kutoka mpaka wa kiwanja. Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani aliweza kuruhusu sharti lisifuatwe, ila kwa jengo kuu la ubalozi ilibidi aamue yeye mwenyewe, bila kumwachia naibu, kisha alijulishe Bunge lao.

Kilichoniuma ni kwamba hizo futi 100 hazikuzaliwa 1999. Baada ya Wamarekani kulipuliwa Beirut mwaka 1983, jopo la usalama wa balozi lililoongozwa na Admirali Inman lilizipendekeza mwaka 1985. Fedha zikaja kidogo, zikapungua, na balozi nyingi zikaachwa zilivyo. Ule wa Nairobi ulikuwa pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, umeikaribia barabara kiasi kwamba mtu akitoka kununua gazeti anapita chini ya madirisha yake. Balozi wa Marekani wa wakati huo, Prudence Bushnell, aliandika zaidi ya mara moja kulalamikia hali hiyo. Bodi ya Admirali Crowe, iliyochunguza mabomu hayo na kutoa ripoti Januari 1999, haikumtwika lawama ofisa yeyote mmoja. Ilisema kosa ni la serikali kadhaa zilizopita kwa pamoja. Kosa la wote, mnajua wenyewe, halina wa kulijibu.

Mwezi wa nane, tulipokwenda kuweka maua kwenye bustani ya kumbukumbu, katibu alikuja na utepe wa fundi wa mita 30. Tukaanzia kwenye ua kuelekea barabarani. Ukavuka njia ya waenda kwa miguu, ukashuka kwenye lami, na hapo matatu zikaanza kutupigia honi, tukaukunja. Mama mmoja aliyefiwa na binti katika jengo la Ufundi, jirani na ubalozi, kwenye chuo cha uhazili, akauliza, "Sasa hiyo futi inapima kuelekea wapi?"

Nililipeleka swali lake kwa wakili, na jibu ndilo kiini cha taarifa hii. Futi hizo zinapimwa kutoka ukuta wa mpaka wa kiwanja kwenda ndani. Anayelindwa ni aliye jengoni. Mpita njia, abiria wa matatu na karani wa jengo la jirani wako kwenye sifuri. Nairobi walikufa watu 213, Wamarekani kati yao 12. Jengo la ubalozi lilibaki limesimama; lililoporomoka ni la Ufundi. Na wengi wetu tuliopoteza macho tulikuwa madirishani, tumevutwa na kishindo cha kwanza, kile cha guruneti, kabla ya bomu lenyewe. Mimi kipande cha kioo kilitolewa begani miaka mitatu baadaye. Sheria ile inataja mafunzo ya dharura, vikosi vya kufika haraka, hata ghala la vifaa nje ya ubalozi. Jirani hakupimiwa hata futi moja.

Haki itendeke: ubalozi kuhamia Gigiri mwaka 2003 kuliondoa shabaha katikati ya jiji, na hiyo ni nafuu ya kweli kwa wanaofanya kazi mjini. Lakini Desemba 2022 sheria ililegezwa. Wanadiplomasia walikuwa wamelalamika kwamba wamegeuka wafungwa wa ngome, mbali na watu waliotumwa kukutana nao. Sasa Waziri ana nafasi pana zaidi ya kupima hatari ya kila mahali. Siwalaumu kwa kutaka kurudi karibu na watu. Ninachouliza ni nani atawauliza hao watu.

Kuhusu fidia nitasema kifupi, kwa kuwa mnaijua mpaka mmeichoka. Dola milioni 335 zilizotolewa na Sudan, iliyodaiwa kuwasaidia washambuliaji, hazikumfikia Mkenya aliyekuwa barabarani au jengo la jirani. Ukuta uleule, kipimo kilekile.

Kamati inaomba ridhaa yenu kwa jambo moja. Tuiandikie serikali yetu wenyewe, kwa sababu Mkataba wa Vienna wa 1961 unaidai kulinda balozi, na kibali cha kujenga ni yake kutoa. Tunataka ubalozi wowote unapoomba kibali, majirani wasikilizwe kwanza, na vioo vya majengo yanayouzunguka vikaguliwe. Rasimu iko mezani kwa katibu. Isomeni kabla ya chai, kisha tupige kura.