Odo hakuwa malaika, msimfanye malaika

Ndugu Mhariri,

Salaam. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi, ukurasa wa burudani ndo naanzaga nao hata kabla ya michezo, na kwa kawaida nikisoma kitu kisichonipendeza nafunga tu gazeti naendelea na shughuli zangu. Ila makala yenu ya wiki iliyopita, ile ya maafisa wa usalama kwenye tamthilia za anga za juu, imenishinda kuifungia. Mwandishi wenu kamweka Odo wa Star Trek: Deep Space Nine namba moja, hapo tuko pamoja kabisa, sina ubishi. Shida ni sababu aliyotoa. Anasema Odo ni mfano wa askari asiyeegemea upande wowote, anayefuata haki tu hata bosi wake awe nani. Sasa najiuliza, huyu ndugu ameangalia sizoni zote 7 au aliangalia ile ya kwanza akasinzia?

Niwaeleze kidogo wale ambao hawajaiona. Tamthilia ilianza Januari 1993 ikaisha Juni 1999, na ni mtoto wa ukoo wa Star Trek ambao wenyewe ulianza 1966 huko. Karibu mambo yote yanatokea kwenye stesheni moja iliyoko angani jirani na sayari ya Bajor. Sasa hiyo stesheni ni ya enzi za ukoloni, Wacardassia waliitawala Bajor kwa mabavu kwa miaka kama 50 hivi, wakawa wanawachimbisha wenyeji madini kwa nguvu na hapo ndo palikuwa mahali pa kuyasafishia, ikiitwa Terok Nor. Tamthilia inapoanza mkoloni ndo kwanza ameondoka, jina limebadilishwa, kamanda mpya ameletwa, Sisko, kutoka Shirikisho, ule muungano wa sayari, kila kitu kipya kipya. Isipokuwa mkuu wa usalama. Huyo ni yule yule aliyekuwa na Wacardassia, ofisi ile ile, mahabusu zile zile, na baa ya yule mjanja Quark anayoivizia asubuhi mpaka jioni ni ile ile.

Yaani hicho ndo kitu cha kwanza cha kujua kuhusu Odo na mwandishi wenu kakipitia mbio kama hajakiona.

Kingine ni kwamba Odo sio binadamu wala sio Mbajor wala Mcardassia. Kwa asili ni kimiminika. Wabajor walimwokota angani akiwa hajijui ni nini, akapelekwa maabara, Dokta Mora akawa anamfanyia majaribio miaka na miaka mpaka ikagundulika kumbe hiki kitu kina akili. Anaweza kujigeuza panya, glasi, kiti, chochote, ila sura ya mtu inamshinda, ndo maana uso wake umelainika vile kama haujamaliziwa, na ikifika muda lazima arudi kwenye umajimaji wake apumzike, miaka ya mwanzo alikuwa analala kwenye ndoo. Kuna sehemu kwenye episodi ya kwanza kabisa jambazi anamrushia chuma kichwani, kichwa kinafunguka tu chenyewe, chuma kinapita, kichwa kinajifunga, na jamaa hata hajashtuka. Na kule kwenye njia kuu ya maduka alipiga marufuku watu kutembea na silaha, yeye mwenyewe pia hana mazoea ya kubeba. Ukimwona hivyo unasema huyu ndo askari wa ndoto, hanunuliki, hana kabila, hana mke wala mtoto wa kumwombea kazi, hali, hanywi, utamhonga nini?

Na tamthilia inakuachia uamini hivyo hivyo kwa muda. Mwanzoni mwa sizoni ya kwanza kuna episodi inaitwa "A Man Alone" ambapo Odo anasema sheria hubadilika kutegemea anayezitunga, leo Mcardassia kesho Shirikisho, ila haki ni haki. Hiyo kauli mwandishi wenu kaiweka juu kabisa ya makala kwa herufi nzito. Sawa, ni kauli tamu sana, hata mimi niliipenda. Ila jamani ile ni kauli ya mtu anayejisifia kabla hajafunguliwa faili, na waliotunga hiyo tamthilia walikuja kulifungua faili, tena bila huruma.

Anzeni na "Necessary Evil" ya sizoni ya pili, 1993. Humo tunarudishwa nyuma tuone Odo alivyoajiriwa. Dukat, yule mkuu wa Terok Nor, amemchunguza akaona Wabajor wakigombana wanamwendea huyu kiumbe awapatanishe, wanamwamini kwa sababu hana upande. Basi Dukat anamwita. Kuna Mbajor ameuawa, anayeitwa Vaatrik, mwenye duka, mtafute muuaji. Tazama vizuri anavyoongea Dukat pale, hatishi, anabembeleza, ana tabasamu lile la bosi anayejua kwamba hata ukikataa huna pa kwenda. Yaani Wacardassia walikuwa wanamjua Odo kwa vichekesho vya kujigeuza-geuza kwenye sherehe zao, leo ghafla amekuwa mpelelezi. Odo anajiambia ninatafuta ukweli tu, siasa zao hazinihusu. Wakati kila mtu pale, mpaka anayekuja kuhojiwa, anajua kwamba ukweli ukishapatikana unapelekwa mezani kwa Dukat na huko unageuka kuwa roho ya mtu.

Mshukiwa mmojawapo ni Kira, Mbajor mpinga ukoloni, ambaye baadaye atakuwa mfanyakazi mwenzake na mapenzi ya maisha yake. Anambana, Kira anakiri kwamba usiku ule alikuwa akihujumu mitambo, Odo anamwachia kwa sababu kesi aliyopewa ni ya mauaji, sio ya hujuma. Hapo ndo mashabiki wengi tunampigia makofi, tunasema umeona, ana utu. Miaka 5 inapita anakuja kugundua kumbe aliyemuua Vaatrik ni Kira huyo huyo, alikuwa anatafuta orodha ya majina ya vibaraka wa Wacardassia. Episodi inaishia wamekaa ofisini wawili, Kira anataka kujua kama ataweza kuaminiwa tena kama zamani, na jibu halitoki. Mimi ile mara ya kwanza nilibaki natazama majina ya waigizaji yanapita nikasema hii sasa sio tamthilia ya watoto.

Alafu sasa ije "Things Past", sizoni ya 5, 1996, iliyoongozwa na LeVar Burton. Hii mwandishi wenu hajaitaja hata kwa herufi moja na ndo iliyonifanya niandike barua. Sisko, Dax ambaye ni afisa wake, Garak yule fundi cherehani Mcardassia, na Odo wanatoka kwenye kongamano huko Bajor, kongamano la kuzungumzia miaka ya ukoloni, njiani wanapoteza fahamu na akili zao zinajikuta Terok Nor ya zamani. Wanaume watatu wamevaa majina ya Wabajor watatu wanaoshtakiwa kwa kutaka kumuua Dukat kwa bomu. Odo anayajua hayo majina. Anajua na siku watakayouawa. Na mkuu wa usalama anayewashughulikia, Mcardassia anayeitwa Thrax, Odo anamsihi, chunguza tena bwana, kuna mashimo kwenye hii kesi, angalia ushahidi. Thrax hana muda. Kuna vurugu, kuna ratiba, utaratibu lazima urudi, watu wanataka kuona mtu ameadhibiwa.

Kumbe Thrax alishaondoka stesheni kabla ya kesi ile. Aliyekuwa mezani siku ile ni Odo mwenyewe. Aliyekuwa hana muda ni Odo. Watu watatu wasio na hatia waliuawa hadharani kwa sababu mkuu wa usalama asiyeegemea upande alikuwa bize kurudisha utulivu, na utulivu kwenye koloni ni wa nani kama sio wa mkoloni? Mwishoni Kira anamuuliza, kulikuwa na wengine? Na jamaa, mwenye kumbukumbu za kila mwizi wa mfukoni aliyepita pale, hawezi kumhakikishia kwamba hakuna.

Sasa mhariri niambie, ukishaona hiyo unaandikaje kwamba Odo alikuwa mtenda haki "awe bosi wake nani"? Bosi alikuwa na maana sana! Kutoegemea upande ndo ilikuwa sifa iliyomfanya afae kwa Dukat, angekuwa Mcardassia kabisa Wabajor wasingefungua mdomo mbele yake. Najua wapo watakaoniambia ahaa, lakini angeacha kazi angewekwa mkatili zaidi, wangapi wangekufa. Inawezekana. Nyaraka za mashtaka zilipita kwenye mikono yake na zingine alizisoma vizuri, Kira yuko hai kwa sababu hiyo. Mimi simwiti Odo shetani, nampenda kuliko wote mule ndani, ila nampenda pamoja na wale watatu, sio kwa kuwafuta.

Na hata yeye hakujifunza mara moja, ndo utamu wenyewe. Mwaka 1997, mwishoni mwa sizoni ya 5, Dukat anarudi kuitwaa stesheni akiwa na Dominion, dola adui wa Shirikisho, ambao wakuu wao, wale Waasisi, ni ndugu wa damu wa Odo, vimiminika wenzake. Sizoni ya 6 Odo anakaa kwenye baraza na Dukat na Weyoun, mwakilishi wa Dominion, eti ili kulinda watu, wimbo ule ule wa zamani. Kira na wenzake wanapanga hujuma, kazi ya Odo ni ndogo tu, kuzuia king'ora kisilie kwa muda mfupi ili Rom, ndugu yake Quark, afanye yake. Siku ya tukio Odo yuko chumbani ameungana na yule mama wa Waasisi, amezama kwenye raha ya kuwa na watu wake, king'ora kinalia, Rom anakamatwa, anahukumiwa kifo. Kira anamjia juu na Odo anajibu kama mtu aliye mbali sana, hata hajutii. Nilitaka kuvunja tv.

Hapo lakini nina lawama kwa watunzi nao, sio kwenu tu. Usaliti mkubwa vile, baadaye ukaja kusuluhishwa ndani ya kabati! Kweli kabisa, kwenye pati ya Dax, Kira na Odo wanaingia kwenye kabati la nguo wanaongea usiku mzima, sisi watazamaji hatujaambiwa hata sentensi moja waliyosema, wanatoka asubuhi yameisha. Baada ya hapo ni mapenzi, ni ugonjwa aliopandikizwa na Section 31, wale majasusi wa siri wa Shirikisho, ni kuagana na Kira kwa suti nyeusi, vizuri, wengi walilia, mimi nilishakasirika.

Ombi langu ni dogo. Mkirudia mada hii, mwambieni mwandishi awape watu hizo episodi mbili ndo waanze nazo, na tena azipange moja baada ya nyingine usiku mmoja, "Necessary Evil" kisha "Things Past", ndo wamhukumu Odo. Pia angetenga japo mistari miwili kwa René Auberjonois mwenyewe, aliyemwigiza Odo, maana kuigiza hasira, aibu na mapenzi ukiwa umefunikwa sura nzima na mpira sio mchezo, kazi yote kaifanya kwa sauti na macho, na juu ya hapo akaongoza episodi 8 za tamthilia hiyo hiyo.

Na mwisho masahihisho: mmeandika alifariki 2018. Ni tarehe 8 Desemba 2019, Los Angeles, akiwa na miaka 79. Halafu picha mliyoweka chini ya jina lake, yule mwenye masikio makubwa, ni Quark.

Msomaji wenu,
Morogoro