Kidonda hicho kisikatwe

Nakuru, Jumapili jioni

Dada yangu mpendwa,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Picha zako za mguu nimezitazama mara kadhaa. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina njia yake.

Kwanza vile vivimbe vya kwenye muundi. Vitabu husema ni vyekundu, lakini ngozi yetu huonyesha weusi kidogo au zambarau iliyokolea, na ndiyo sababu hupita bila kutambuliwa. Tumia mkono. Pitisha mgongo wa kiganja kutoka goti kushuka chini: penye kivimbe pana joto, ni pagumu, na pakibonyezwa utaruka. Hiyo inaelekea kuwa erithema nodosamu. Mara nyingi hutokea Crohn, ule ugonjwa wako wa utumbo kuvimba, inapochachamaa, kwa hiyo dawa yake hasa ni kutuliza utumbo. Utumbo ukitulia, vivimbe hufifia kwa wiki 3 hadi 6 bila kupasuka, vikiacha mabaka. Krimu usinunue, maana uvimbe uko kwenye mafuta chini ya ngozi. Inua miguu juu ya mto, na maumivu yakizidi meza parasetamoli. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo duka la dawa litakupa upesi, ziache. Zinaweza kuuamsha utumbo.

TB nayo huleta vivimbe vya aina hiyo, na TB ya utumbo hufanana sana na Crohn. Kabla ya kupewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe ambayo pia hushusha kinga, au kuanzishiwa sindano za kushusha kinga, uliza kama umepimwa TB na kupigwa eksirei ya kifua. TB iliyolala huamka kinga ikishushwa.

Sasa hicho cha karibu na kifundo, ndicho kinachonitia wasiwasi. Umesema kilianza kama kipele cha usaha pale ulipogongwa na kikanyagio cha boda, na kufikia siku ya nne kikawa na upana wa sarafu ya shilingi 20. Kwenye picha naona ukingo wa zambarau, umevimba, na chini yake pamechimbika. Tena kidonda kinauma kuliko ukubwa wake. Nashuku payoderma gangrenosamu. Jina hilo linapotosha watu: si maambukizi wala nyama kuoza, ni kinga ya mwili wako mwenyewe inayoshambulia ngozi. Kinaweza kuendelea hata tumbo likiwa shwari, na antibiotiki peke yake haikiponyi.

Nakusihi, mtu asikikate wala kukikwangua. Kwa vidonda vingi kuondoa nyama iliyokufa ni sawa kabisa, lakini hiki kikijeruhiwa hupanuka. Kabla hawajashika kisu waambie una Crohn na kidonda kilianzia ulipogongwa. Daktari wa ngozi akitaka kipande kidogo cha ukingo kwa ajili ya kipimo, huo ni uamuzi wake.

Nyumbani, chemsha nusu lita ya maji na kijiko kidogo cha chumvi kilichosawazishwa, yaache yapoe, kisha yamwagie kidonda polepole bila kusugua. Funika kwa bandeji isiyonata na uizungushie kitambaa laini. Plasta isiguse ngozi, kwa sababu kuibandua tu kunaweza kuzua kidonda kipya. Spiriti usitie. Kila asubuhi piga picha ukiweka sarafu ileile kando, ili daktari aone mwendo wake.

Kesho nenda Russia, ile hospitali ya rufaa ya Kisumu, usingoje siku ya kliniki yako ya tumbo, na umwombe daktari wa ngozi azungumze na wa tumbo. Huenda wakakupa prednisoloni ya kumeza; ikishindikana kuna dawa nyingine za kushusha kinga, siklosporini na infliksimabu. Prednisoloni usiikatize ghafla hata ukijisikia umepona. Hupunguzwa hatua kwa hatua. Beba pakiti zote za dawa unazomeza, pamoja na zile za kienyeji.

Ukitoka tu, nipigie uniambie wamesema nini.

Dada yako wa Nakuru