Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mwanaume aliyekaa kwenye benchi naye atazamwe

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Wizara ya Afya,
Mtumba, Dodoma.

YAH: UCHUNGUZI WA SARATANI YA UUME KWA WANAUME WANAOHUDHURIA CTC (KLINIKI ZA WENYE VVU) NA HUDUMA ZA TOHARA

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha vidonda katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa. Kazi yangu ni kusafisha na kufunga: vidonda vya kisukari, vya moto, vya bodaboda, na vile ambavyo mwenyewe hataki hata mkewe avione. Barua hii inahusu hivyo vya mwisho.

Mwaka jana alikuja kwetu mvuvi wa makamo kutoka visiwani. Alipoingia alikwenda moja kwa moja kukaa dirishani, mbali na wagonjwa wengine, kwa sababu harufu yake aliijua. Zamu yake ilipofika nikafunga mlango, nikamwomba ateremshe suruali. Ndani alikuwa amejifunga kipande cha kanga ya mkewe, ndani ya kanga pamba, na chini ya pamba kichwa cha uume hakikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na nyama iliyoumuka na kupasukapasuka, inatoa usaha. Kinenani mitoki ilikuwa imesimama pande zote mbili, migumu kama kokwa za embe.

"Tangu lini, kaka?"

"Tangu masika ya mwaka juzi, dokta."

Kilianza kama kipele chini ya govi. Hakikuuma, ndiyo maana hakukitilia maanani. Kilipochimbika akaenda duka la dawa, akachomwa sindano, akaambiwa ni kaswende. Akarudi tena, akachomwa tena. Mara ya tatu akapewa vidonge vya gono. Baadaye akaenda kwa mganga, akapewa unga wa kunyunyizia. Govi likawa limekaza halifunguki, kwa hiyo hata yeye mwenyewe hakuwa anaona kinachoendelea ndani. Alikuwa anaona damu kwenye nguo tu.

Lakini hayo siyo yaliyoniandikisha barua hii. Yaliyoniandikisha ni alichonieleza wiki ya pili, tulipokuwa tumeshazoeana. Yeye na mkewe wote wanatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na wanahudhuria kliniki moja ya CTC. Kila mwaka mkewe huitwa kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, kile kipimo cha kupaka siki ili sehemu yenye kasoro igeuke nyeupe. Safari moja wakamkuta na alama nyeupe, wakaichoma kwa joto siku hiyohiyo, akarudi nyumbani, na hadi leo ni mzima, anauza dagaa. Mume ndiye aliyemsindikiza. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango, ameshika mkoba wa mkewe, na kidonda kiko ndani ya suruali yake. Akaingia dirisha la dawa, akahesabiwa vidonge, akaulizwa kama ana kikohozi, homa, jasho la usiku, kama amepungua uzito. Akajibu hapana kwa yote manne, na alisema kweli. La tano hakuulizwa. Akaondoka.

Mheshimiwa, kilichokuwa kinatafutwa kwa yule mama ndani ya chumba huenda ndicho kilichokuwa kinamla mumewe nje. Virusi vya papiloma, HPV, aina namba 16 hasa. Profesa Harald zur Hausen na wenzake huko Ujerumani waliitambua aina hiyo katika saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1983, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Tangu hapo dunia imeujua ugonjwa huu kwa sura ya mwanamke. Lakini wataalamu wakikata kinyama cha saratani ya uume na kutafuta vinasaba vya kirusi hicho, huvikuta katika takriban nusu ya wagonjwa, na namba 16 ndiyo inayoongoza hapo pia. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliyoko Lyon, Ufaransa, imeshakiweka kirusi hicho katika orodha ya visababishi vilivyothibitika vya saratani ya uume.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Hupenya kwenye michubuko midogo ya ngozi wakati wa kujamiiana, kikajificha katika seli za chini kabisa. Mwili wa watu wengi hukifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, bila dalili yoyote. Kikibaki, hutengeneza protini mbili zinazowafunga mikono walinzi wa seli, wale wanaoiamuru seli iliyoharibika iache kugawanyika au ijiue. Walinzi wakishafungwa, seli huzaana bila amri. Hapo huchukua miaka mingi, mara nyingi zaidi ya kumi, kabla kipele hakijaonekana. Kwa hiyo sisemi nani alimpa nani katika ndoa ile, wala mtu yeyote asije akautumia ugonjwa huu kuvunja nyumba. Kirusi kinaweza kukaa kimya tangu ujana. Na kwa mwenye VVU, mwili hupata shida zaidi kukifukuza.

Nusu nyingine ya saratani za uume hupita njia tofauti: govi lililokaza, uchafu na uvimbe wa muda mrefu chini yake, sigara. Mara nyingi njia hizi hukutana kwa mtu mmoja. Sitaki pia kuzidisha chumvi kuhusu virusi. Mwaka 2006 watafiti walitangaza kukuta kirusi kipya katika saratani ya tezi dume, wakaitwa wavumbuzi, lakini ikaja kugundulika kwamba kilitokana na uchafuzi wa maabara, na mwaka 2012 andiko lenyewe likaondolewa. Na saratani ya kibofu tunayoiona huku kwetu ziwani ina chanzo chake kinachojulikana, kichocho cha mkojo, ambacho ni mdudu na si kirusi. Kwa uume, hata hivyo, ushahidi umesimama.

Kuna jambo la lugha naomba ulifikirie unapopanga elimu kwa umma. Huku kwetu ukisema "ana virusi" umeshamaliza, kila mtu anaelewa UKIMWI. Nilipomweleza mvuvi yule kwamba saratani yake huenda imeletwa na virusi, alinijibu kwa upole kwamba hivyo anavijua na dawa hajawahi kuziacha. Ilinichukua nusu saa kumwelewesha kwamba kuna virusi vingine, vya ngozi, ndugu wa vile vinavyoleta masundosundo. Vipeperushi vyote nilivyowahi kubandika ukutani vina picha ya mama au ya binti mwenye sare ya shule. Mwanaume akivitazama anaona mambo ya kina mama, anageuza shingo.

Na gharama ya kugeuza shingo naifunga mimi kila wiki. Saratani hii ikiwahiwa, ikiwa bado ni kipele kwenye govi, mara nyingine tohara peke yake inaweza kutosha. Ikiwa juu ya kichwa na bado ni ndogo, daktari anaweza kukata sehemu hiyo tu na mtu akabaki na uume wake. Ikishashuka kwenye mitoki, mambo hubadilika. Mvuvi wetu alipelekwa hospitali kubwa wakakata uume wote na kumtengenezea tundu la mkojo nyuma ya korodani. Sasa anachuchumaa kukojoa. Kwetu mimi na wewe hilo laweza kuonekana dogo. Yeye alikuwa akilala ziwani na wenzake sita katika mtumbwi mmoja, na mtumbwini mwanaume hukojoa amesimama ukingoni, mbele ya wenzake. Hajarudi majini tangu siku ile. Anatengeneza nyavu nyumbani, na kidonda cha kinenani, pale walipoondoa mitoki, bado hakijafunga.

Ombi langu la kwanza halihitaji mashine wala fedha za wafadhili. Kila mgonjwa wa CTC huulizwa yale maswali manne ya kifua kikuu kila anapohudhuria, na majibu huandikwa. Naomba mwanaume aongezewe moja: una kidonda, kipele, uvimbe au usaha kwenye uume, na govi lako linafunguka? Na mara moja kwa mwaka, siku ambayo mkewe anaingia kupimwa kwa siki, naye aitwe chumba cha pili atazamwe na mhudumu aliyefundishwa. Macho, glovu na taa. Dakika tatu. Yule mama ana mstari wake kwenye kadi, mumewe hana, na kisichokuwa na mstari kwenye kadi sisi wauguzi hatukiulizi. Hata mimi ningekuwa zamu pale dirishani siku ile, nisingemuuliza.

La pili linahusu vidonda vya sehemu za siri vinavyotibiwa kwa kukisia. Mwongozo wetu wa magonjwa ya ngono unaturuhusu kutibu kwa dalili bila kusubiri maabara, na umewasaidia watu wengi, siupingi. Ninachoomba ni uwe na ukomo ulioandikwa kwa herufi kubwa: kidonda cha uume kisichopona baada ya duru moja ya dawa kisichomwe sindano ya pili, kikatwe kinyama kipelekwe patholojia, maabara inayochunguza saratani. Mvuvi alipewa dawa mara tatu kabla hajafika kwa mganga. Waelezwe hivyo na wauzaji wa maduka ya dawa, kwa sababu hao ndio hospitali ya kwanza ya mwanaume mwenye aibu.

Kuhusu tohara tuna bahati ambayo nchi nyingi hazina. Majaribio ya Kisumu, Kenya, na Rakai, Uganda, yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba tohara hupunguza maambukizi ya VVU kwa mwanaume kwa zaidi ya nusu, na mahema ya tohara yakafika mpaka kwetu. Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba kundi la Rakai lilitoa matokeo mengine mwaka 2009: waliotahiriwa walikuwa na aina hatari za HPV pungufu kwa asilimia 35. Vijana wanajaa kwenye mahema. Baba zao hawaji, wanaona aibu kukaa foleni na watoto, na hao baba ndio wenye govi lililokaza na umri wa saratani. Watengewe jioni yao. Na mtahiri akiona doa lolote asilolielewa, ile ngozi isitupwe kwenye ndoo, iingie kwenye kichupa cha formalini, dawa ya kuihifadhi, ikapimwe.

Nimeiacha chanjo mwisho kwa makusudi. Tulianza mwaka 2018 na mabinti wa miaka 14, na mwaka 2024 tukapanua hadi miaka 9 mpaka 14 kwa dozi moja. Dozi moja! Ushahidi wake umetoka sehemu yake hapahapa Mwanza, ambako mabinti 930 walifuatiliwa kuona kinga yao, na mwingine kwa majirani zetu Kenya. Najivunia hilo kama mtu wa ziwani. Najua pia kwamba mwaka 2019 washauri wa Shirika la Afya Duniani waliomba nchi zisimamishe kwa muda kuchanja wavulana, kwa sababu chanjo ilikuwa haba na kuna nchi zilizokuwa hazijampata hata binti mmoja. Lilikuwa ombi la haki. Kwa hiyo sikuombi uchukue dozi ya binti umpe mvulana. Binti akipata kinga, kijana atakayemwoa naye anafaidika.

Ila hesabu imebadilika. Dozi zilizokuwa zikimtosha mtoto mmoja sasa zinatosha wawili. Australia wamechanja wavulana tangu 2013, Uingereza tangu 2019. Naomba wizara ianze kupiga hesabu yetu sasa, iseme itagharimu kiasi gani na inaweza kuanza lini, hata kama jibu ni miaka mitano ijayo.

Nina sababu nyingine, nayo nimeipata kwenye viwanja vya shule. Kila tunapokwenda kuchanja, yupo mzazi anayesimama na kuuliza: kama dawa hii ni nzuri, mbona watoto wa kiume hawachomwi? Kisha anajijibu mwenyewe kwamba ni ya kufunga uzazi, na binti zake wawili wanabaki nyumbani siku ya pili. Tunamweleza habari za mlango wa kizazi, lakini swali lake linabaki limesimama pale uwanjani. Siku kaka na dada watakapopanga foleni moja, swali hilo halitakuwa na pa kusimama.

Mvuvi wetu anakuja Alhamisi. Binti yake alichanjwa shuleni mwaka ule wa 2024 na kadi anayo, ameikunja ndani ya pochi yake. Wiki iliyopita, nikiwa namalizia kumfunga bandeji, aliitoa akaniuliza huyu mdogo wake wa kiume, wa darasa la nne, aandikishwe wapi. Nilimwambia bado hakuna mahali. Akaikunja kadi, akairudisha mfukoni, akaniuliza tena: "Bado mpaka lini, dokta?"

Nasubiri jibu lako, Mheshimiwa, nimpelekee.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi, chumba cha vidonda,
Kanda ya Ziwa.

Nakala: Waganga Wakuu wa Mikoa, Kanda ya Ziwa.