Mwanangu, kopo hilo usilifungue kwanza

Mwanangu,

Marahaba. Picha ya dawa ya kunyoosha nywele uliyonunua nimeiona. Uliposema Jumamosi mtatiana wenyewe hapo hosteli, usingizi uliniruka.

Unakijua kile kipara changu nyuma ya sikio la kushoto, ulichokuwa ukikipapasa nikikubeba mgongoni? Siku zote nilikwambia ni kovu la jipu. Si jipu, mama. Ni dawa.

Nilikuwa na miaka 19, hapa hapa Tanga. Shoga yangu alinitia uani, nimekaa kwenye kigoda, taulo mabegani. Asubuhi ile nilikuwa nimefumua mabutu, nikajikuna mpaka ngozi ikachubuka, kisha nikaosha kichwa. Hatukujua kwamba kichwa kilichokunwa au kuoshwa siku hiyo hakitiwi dawa. Ikaanza kuwasha, nikavumilia, maana tulikuwa tukiambiana kuwa ikiwasha ndiyo inashika. Ilipochoma tukakimbilia bomba: maji yamekatika. Shoga yangu akatoka mbio na ndoo kwa jirani. Mpaka anarudi, nalia nimekumbatia magoti. Kesho yake foronya ilikuwa imeganda kichwani kwa usaha. Bibi yako aliilowesha kwa maji ya uvuguvugu, akaibandua kidogo kidogo, na nywele zikatoka nayo. Za nyuma ya sikio hazikuota tena.

Dawa zile kali zina kostiki, hii hii wanayotengenezea sabuni. Nyingi zinazojisifu kuwa hazina kostiki hutumia chokaa, unayoichanganya na maji ya kichupa kinachokuja nayo, na zenyewe huunguza vile vile. Dawa huvunja vile vinavyoushika unywele ukae katika umbo lake. Vikishavunjika, ndiyo basi, mpaka zikue nyingine.

Na nywele zako si za kipilipili kama zangu. Umechukua za bibi mzaa baba, zina mawimbi tu. Zinalainika upesi mno. Ukizisubirisha kwa dakika zinazotosha nywele zangu, utazikuta zimelegea kama uzi mbovu, zinakatikia kwenye kitana.

Kuna jambo lingine. Mwaka 2022 watafiti Marekani walitoa matokeo ya kufuatilia wanawake 33,947 kwa karibu miaka 11. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 katika mwaka mmoja walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Bado haijathibitika kuwa dawa ndiyo iliyowaletea, lakini mimi nina binti mmoja tu.

Sikukatazi, umeshakuwa mtu mzima, na kichwa ni chako. Ukiona ni lazima, nenda kwa msusi anayejua kazi. Na popote utakapotiwa, pakwa mafuta ya mgando kwenye ngozi yote ya kichwa, masikioni na kwenye paji, na ndoo mbili za maji ziwe zimejaa kabla kopo halijafunguliwa. Ikichoma tu, itolewe hapo hapo. Usivumilie kama nilivyovumilia mimi.

Ila ningependa ungoje Idi. Nitakuviringishia kwa roli, ukae chini ya feni mpaka zikauke, na kwenye harusi ya binamu yako zitakuwa zimelala zenyewe. Ukiziosha, mawimbi yako yanarudi.

Nijibu leo, na uniambie kama hapo hosteli maji yanatoka.

Mama yako