Nyanda za Juu Kusini tufadhili wakutubi wa sheria

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuseme na wakuu wa vitivo vya sheria vya Iringa na Mbeya, pamoja na mawakili wa kanda hii. Tunaomba waanzishe ufadhili kwa wanafunzi wa sheria wanaotaka kuwa wakutubi wa sheria, yaani watunzaji wa maktaba za sheria. Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Kikatoliki cha Ruaha na Mzumbe tawi la Mbeya wanafundisha sheria hapa hapa, na masjala za Mahakama Kuu zipo Iringa na Mbeya. Wanafunzi wapo na mahali pa kujifunzia kazi papo.

Haja ya mkutubi wa sheria inaonekana kwenye migogoro ya ardhi. Anayeshika chapa ya mwaka 2019 ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, atasoma kwamba baraza la kata linaweza kuamua shauri la ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Mabadiliko ya mwaka 2021 yaliliondolea baraza mamlaka hayo. Limebaki na usuluhishi tu. Likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30, mdai anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mkulima wa Rungwe akishauriwa kwa kutumia kitabu kile atashinda shauri ambalo uamuzi wake hauna nguvu. Kitabu kilichapwa sawasawa. Kilichokosekana ni mtu wa kukihuisha.

Kuhuisha ni kazi ya kila wiki. Gazeti la Serikali hutoka Ijumaa. Mkutubi hupitia nyongeza zake, huorodhesha kila sheria na kanuni iliyoguswa, kisha huandika pembeni mwa kifungu, kwa penseli, namba ya sheria iliyokibadilisha na tarehe ya kuanza kutumika. Kalamu ya wino haifai, kwa kuwa mabadiliko nayo hubadilishwa. Kosa kubwa ni kuandika tarehe ya kuchapishwa badala ya tarehe ya kuanza kutumika. Tangu Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria zilizochapwa upya pamoja na mabadiliko yake, lianze kutumika Julai 1, 2025, kazi imeongezeka: urekebu huweza kuhamisha namba za vifungu, na hukumu za zamani bado zinataja namba za zamani. Kila maktaba inahitaji jedwali la kulinganisha namba hizo.

Kwenye hukumu nako watu hupotea. TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, huziweka bure mtandaoni, lakini rufaa iliyofunguliwa 2017 na kuamuliwa 2020 hupangwa chini ya 2020: mwaka kwenye mabano ya mraba, kisha TZCA kama ni ya Mahakama ya Rufani au TZHC kama ni ya Mahakama Kuu, kisha namba. Mwanafunzi anayetafuta kwa mwaka wa kufungua huondoka akiamini kesi haipo. Halafu tangu 2021 lugha ya sheria ni Kiswahili, ilhali katalogi nyingi bado zina vichwa vya mada vya Kiingereza. Anayeandika "mirathi" au "amri ya zuio" hapati kitu. Kuvitunga vichwa hivyo kwa Kiswahili kunahitaji mtu anayejua sheria na ukutubi kwa pamoja, na hili ndilo linalotuuma zaidi.

Marekani wana chama cha maktaba za sheria tangu 1906, na kinatoa ufadhili kwa wanaosomea fani hii. Huko, kwa nafasi nyingi za maktaba za vyuo vya sheria, mtu hutakiwa awe na shahada ya sheria na ya uzamili katika ukutubi. Sisi tuanze na nafasi 2 kwa kila chuo. Mwanafunzi afanye kazi maktabani saa 15 kwa wiki akiwa bado anasoma sheria, alipwe posho kila mwezi, na akimaliza agharamiwe shahada ya uzamili ya taarifa na ukutubi. Ufadhili ukilipa ada peke yake, mwanafunzi atahitimu, ataelekea Shule ya Sheria na kuwa wakili, na maktaba itabaki vilevile. Kwa hiyo mkataba utamke miaka 2 ya utumishi, na utamke pia daraja la mshahara: mwenye shahada mbili asipangwe na mwenye moja. Kipengele hiki kikiachwa, vingine vyote havitamshika.

 

Usaili uwe wa saa 1. Mwanafunzi apewe swali moja la ardhi, aonyeshe sheria ilivyo leo, na aandike kila hatua aliyopita. Atakayekipata kifungu kisha akarudi kukagua Gazeti la Serikali, huyo achukuliwe.

Wakutubi wa sheria,
Iringa na Mbeya