Udongo wetu usizolewe kabla haujachunguzwa

Mhariri,

Wiki iliyopita malori yalizoa udongo mwekundu siku tatu mfululizo kwenye ploti iliyo karibu nami hapa Uthiru, ili msingi wa nyumba ya ghorofa uchimbwe. Majirani walilalamikia vumbi. Mimi niliumia kwa sababu nyingine: nilikuwa fundi wa maabara kwa miaka 27, na udongo kama ule ndio uliokuwa kazi yangu.

Tuliuanika kivulini ili bakteria wenye pupa ya kukua wafe, tukaukoroga kwenye maji safi, tukauzimua mara kadhaa, kisha tukadondosha tone kwenye sahani ya ageri, yaani rojo iliyoganda ya kuoteshea bakteria. Aktinomaisiti, bakteria wa udongo tuliokuwa tukiwatafuta, hawana haraka. Siku 7, pengine 14, ndipo huchomoza: vidoa vikavu vyenye unga kama chaki, vyeupe, vya kijivu, vingine vya waridi. Ukiinua kifuniko unanusa mvua ya kwanza, maana harufu ile ni yao.

Wengine hutengeneza karotinoidi na melanini, rangi zinazowakinga na jua na madhara ya oksijeni, ile ile inayofanya bati lishike kutu. Hizo ni antioksidanti, yaani vizuizi vya madhara hayo. Kuzipima, unachuja maji walimokulia bakteria, unayachanganya na kioevu cha zambarau kiitwacho DPPH, unaweka gizani nusu saa. Zambarau ikififia ikawa njano, umepata kitu. Sampuli moja tuliyochota chini ya mti mkongwe wa kahawa huko Kabete iligeuka njano hata kabla sijaandika namba yake. Najua chupa si mwili wa mtu, na kutoka hapo hadi dawa ni safari ndefu. Lakini safari hiyo imewahi kufika. Streptomaisini, iliyowaokoa wagonjwa wa kifua kikuu, ilipatikana mwaka 1943 kwa bakteria wa udongo. Akabosi, dawa ya kisukari inayouzwa na kampuni ya Bayer ya Ujerumani, ilitokana na bakteria wa hapa hapa Kenya, huko Ruiru.

Sampuli yetu haikufika popote. Umeme ulikatika Ijumaa jioni, jenereta haikuwashwa, na Jumatatu asubuhi nilikuta friza ikivuja maji. Mkusanyo wote ulikufa. Nilirudi Kabete kuchota tena. Pale paliposimama ule mti pana maegesho ya magari.

Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka Serikali ilinde rasilimali za kijenetiki. Basi kaunti za Nairobi na Kiambu, kabla ya kuidhinisha ujenzi kwenye shamba la kahawa au ukingo wa msitu, ziagize kilo moja tu ya udongo ichotwe, ikaushwe, iandikwe ilikotoka na ihifadhiwe mahali pawili tofauti. Kuchota udongo huo hakuchukui hata asubuhi moja. Wapo vijana wengi wenye shahada za baiolojia wanaokaa bure mitaani, na wastaafu kama mimi tuko tayari kuwafundisha bila malipo.

Fundi wa maabara mstaafu,
Uthiru, Nairobi